Paipu ya Baba

Wiki mbili baada ya kumzika Baba, nilirudi nyumbani kwetu Langas kuwasha gari lake. Mama alikuwa amepata mnunuzi. Ni lile gari jekundu la spoti, la milango miwili, ambalo mwalimu jirani yetu alimwachia Baba alipostaafu. Liliwaka, lakini nilipoondoa mguu kwenye pedali ya mafuta, mngurumo ulipanda ukashuka, gari likatetemeka, likazima. Nikabaki nimeshika usukani, nikalia. Mtetemeko huo naujua tangu nikiwa na miaka kumi.

Rafiki yangu, Baba alikuwa fundi wa magari, na ua wetu wote ulinuka petroli na vitunguu vya Mama. Gari hilo lina kabureta mbili za kuchanganya petroli na hewa, na zisipovuta hewa sawasawa injini haitulii. Baba hakuwa na mashine ya kuzipima. Alikuwa na kipande cha paipu ya mpira: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Anasikiliza mvumo wa hii, anasikiliza wa ile, anakaza skurubu kidogo, anarudia, mpaka mivumo ilingane.

Kisha akaanza kunipa mimi paipu. "Skiza hii, halafu ile. Gani inavuta na nguvu?" Nilijiona mwanafunzi hodari, maringo yakanijaa. Ni Mama aliyeninong'oneza jikoni kwamba masikio ya Baba yalikuwa yanakufa, na nisimwambie mtu, maana nani atamletea gari fundi asiyesikia?

Jumamosi moja tulikuwa tunatengeneza gari hilo hilo, wakati huo likiwa bado la mwalimu. Mama alikuwa anapika chapati, na watoto wa majirani wa ploti nzima walishajipanga mlangoni. Niliweka paipu sikioni, lakini akili ilikuwa jikoni. "Ziko sawa, Baba," nikasema, nikakimbia. Nilikula tatu.

Jioni mwalimu, aliyekuwa amelichukua gari mchana, alirudi kutoka Kesses amekasirika. "Fundi, hii kitu inazima kila mahali nikisimama. Kwani hukuskia?" Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama pale. Mimi nilijificha nyuma ya Mama, midomo bado ina mafuta. Baba angeweza kunitaja. Alitazama chini, akasema, "Ni mimi nimekosea, Mwalimu. Masikio imezeeka."

Siri aliyoificha miaka yote aliitoa mwenyewe, kwa sababu yangu. Magari yakapungua, kisha yakaisha, akawa anaziba pancha za baiskeli na wilbaro. Hakunigombeza hata siku moja. Na mimi sikumwomba msamaha. Nilingoja nikue kwanza, na nilipokua alikuwa hasikii kitu.

Paipu niliipata kwenye sanduku lake la vifaa, imepasuka ncha zote mbili. Nikazikata, nikawasha gari tena, nikainama. Nilisikiliza kabureta ya kwanza, nikasikiliza ya pili, nikakaza skurubu, nikarudia, asubuhi nzima. Mama aliniita nikanywe chai, nikamwomba angoje. Siku hizi mafundi wa mtaa wanapima magari kwa kompyuta, hakuna anayehitaji sikio la mtu.

Injini ikatulia. "Ziko sawa, Baba," nikasema kwa nguvu, kama tulivyozoea kumsemesha miaka yake ya mwisho. Mama alitoka jikoni akanitazama, akarudi kupasha chai.

Mnunuzi alikuja saa nane, akaondoka na gari. Nilisimama barabarani nikilisikiliza mpaka likakata kona. Halikutetemeka.