Vijiti Vifupi

Watu walimwita Taratibu, na jina lilimkaa barabara. Alikula taratibu, alitembea taratibu, na mkewe alizoea kuwaambia majirani kwamba kama uchumba wao ungeachwa mikononi mwake, mpaka leo wangekuwa bado wanasalimiana. Kitu kimoja tu alikifanya bila kujivuta, nacho ni kupiga kinanda. Kwa miaka mingi alipiga piano ya hoteli moja kubwa, kwenye ukumbi wa chini, watu wakila na kuzungumza, hadi wenye hoteli walipoamua kwamba spika ya ukutani inatosha, tena haiombi likizo. Piano ikauzwa. Taratibu akarudi nyumbani, akakaa kitini ameshika tama, mkewe akimzunguka na ufagio.

Ndipo rafiki yake wa studio, ambaye kila mtu humwita Fundi Waya, alipomletea kazi. Kituo kimoja cha redio kilitaka muziki mpya wa kufungulia taarifa ya habari, na walitaka upigwe kwa mkono wa mtu, si ule wa kupangwa kwa kubofyabofya. Ukiwapendeza, kazi nyingine zingefuata, na zote zingefanyika hapohapo nyumbani. Fundi Waya alimwazima kibodi ya midi, yaani kinanda cha kuchomekwa kwenye kompyuta, akamwekea programu ya muziki kwenye kompyuta ya mkewe, akaaga akisema kuunganisha ni jambo la kufumba na kufumbua.

Kufumba, Taratibu alifumba. Kufumbua ndiko kulikomshinda. Aliiweka kibodi kwenye meza ya kulia chakula, akachomeka waya, akakaa sawa, akabonyeza. Kimya.

"Umeiwasha?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Haina pa kuwashia. Inakula umeme wa kompyuta."

"Sasa sauti inatokea wapi?"

"Yenyewe haina sauti. Inaiambia tu kompyuta nimebonyeza wapi na kwa nguvu kiasi gani. Kompyuta ndiyo inayolia."

"Basi hicho si kinanda," mkewe akasema. "Hicho ni mmbea."

Taratibu alicheka hadi miwani ikamteleza. Akaingia kwenye mipangilio, akapapasa huku na huku, na mwisho akagundua kwamba programu ilikuwa haijaambiwa isikilize kibodi ipi. Akaichagua, akafungua trek mpya, yaani mstari wa kurekodia, akaiwekea sauti ya piano. Sasa ililia, lakini kwa kuchelewa: anabonyeza, kisha sauti inakuja kwa wakati wake, kama mtu aliyeitwa akiwa bafuni. Akampigia Fundi Waya, akaelekezwa namba ya kupunguza, akaipunguza, na sauti ikaanza kufika pamoja na kidole. Akapiga. Mkewe alitoka jikoni mikono ikichuruzika maji akasimama mlangoni, maana nyumba ile haikuwa imesikia muziki tangu siku piano ilipouzwa. Furaha ya mchana ule, niseme tu, ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Programu zile huchora kila noti kama kipande kidogo, na chini ya kila kipande husimama kijiti. Ukibonyeza kwa nguvu, kijiti kirefu. Ukigusa tu, kifupi. Taratibu aliurekodi mkono wa kulia kwanza, peke yake, na vijiti vikapanda na kushuka vizuri. Akaurekodi wa kushoto. Hapo akaona vibonyezo viwili vya upande wa chini vinatoa vijiti vifupi, vidogo kama mabua yaliyokatwa, na mahali pengine noti haikuandikwa kabisa ingawa alikumbuka wazi kwamba alibonyeza.

"Ameniletea kibovu," akasema. "Vibonyezo viwili vimekufa."

Alibadilisha tundu la waya. Akabadilisha na waya wenyewe. Akaifuta programu akaiweka upya. Alipuliza vumbi ambalo halikuwepo. Vijiti vikabaki vilevile. Keshoye Fundi Waya akaja mwenyewe, mtu mwenye maneno mengi na mfuko uliojaa bisibisi, akasimama mezani bila hata kukaa na kuvigonga vile vibonyezo viwili. Vijiti vikasimama wima.

"Kibodi nzima hii, kaka."

"Nzima vipi? Angalia!" Taratibu akapiga. Vifupi.

"Hebu tujaribu hivi." Fundi Waya akabonyeza kitufe cha pembeni kinachohamisha noti zote kwenda juu au chini. "Nimezishusha noti. Sasa sogeza mkono upande wa katikati, piga wimbo uleule, utatoka palepale. Kama vibonyezo ndivyo vibovu, ubovu utabaki huko tulikouacha."

Taratibu akasogeza mkono, akapiga. Vile vibonyezo viwili vya chini havikuguswa hata mara moja. Vijiti vifupi vikatoka vilevile, safari hii kutoka vibonyezo vya katikati. Ubovu ulikuwa umefuata vidole: cha mwisho na cha pembeni yake.

Fundi Waya akaangua kicheko na kumpiga begani. "Umeona? Mashine haina neno. Ugonjwa unao wewe! Kaza vidole, kaka, uzee huo!"

Hakuwa na nia mbaya. Hakujua. Lakini mkewe alikuwa mlangoni na alijua, kwa sababu alipoolewa katika familia ile alimkuta baba mkwe akilishwa kwa kijiko. Baba yake Taratibu alikuwa fundi saa. Ilianza kwa kuangusha vijiskrubu, naye akalaumu koleo, akanunua jingine, akalaumu na hilo. Baadaye kikafuata kifungo cha shati, baadaye mikono yote, baadaye ulimi, na mwisho pumzi. Baba mdogo naye alikwenda kwa njia ileile. Daktari wa wakati ule aliwaeleza kwamba jambo hili linatembea katika damu, mtoto mmoja hulichukua na mwingine likampita, na kabla ya siku yake hakuna dalili ya nani ni nani. Taratibu alikuwa ameuvuka umri ambao baba yake alianza kuangusha vitu. Alikuwa ameacha kujitazama mikono. Na hapo ndipo ninaposhikwa na hasira kila nikikumbuka habari hii: si kwamba jambo lilikuja, bali kwamba lilisubiri kwanza mtu ajione amepona.

Fundi Waya alimaliza kazi yake kwa moyo mweupe. Aliuchukua mkono wa kushoto wote, akaiambia programu iupe nguvu moja, vijiti vyote vikalingana kama uzio. Palipokosa noti, akachora kwa kipanya. "Safi kabisa," akasema, na redio nao wakasema safi.

Mkewe alihangaika. Alinunua mafuta ya kuchua, akamchua kila jioni akisema labda alilalia mkono, labda ni ubaridi, labda ni mawazo ya hoteli. Taratibu alimwachia mkono auchue. Hospitali wakamchoma sindano za kupimia mishipa ya fahamu, wakamwambia akunje ngumi, na daktari, kijana mpole, akamweleza kwa kuzungukazunguka kitu ambacho yeye alishakisoma mezani kwake kwenye vijiti. Dawa ya kuponya hakuna, alisema daktari. Taratibu akamshukuru, maana alilelewa hivyo.

Njiani kurudi, mkewe akasema, "Mtoto asiambiwe."

Mtoto ni binti yao wa pekee, msusi, mwenye saluni yake katika mji mwingine na wanawe wawili wadogo. Alijua babu yake alikufa kwa nini, kama anavyojua kila mtu wa ukoo, na kama kila mtu wa ukoo alikuwa hasemi.

"Asiambiwe," Taratibu akakubali. "Nitamwambia nini, kwani?"

Lakini redio haina siri. Muziki ukaanza kupigwa kabla ya kila taarifa ya habari, na asubuhi moja simu ikalia.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mama. Hamjambo huko?"

"Hatujambo. Baba, huu muziki wa habari, mama aliniambia umeupiga wewe."

"Ndiyo, ni mimi."

"Mkono wa kulia ni wako, nimeujua hapohapo, nikawaambia na wateja. Wa kushoto ni wa nani?"

Taratibu alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Wangu pia. Kompyuta imeusawazisha tu."

"Kwa nini usawazishwe? Nimekua chini ya mkono ule, baba. Nilikuwa nalala ukipiga. Ulikuwa na nini hadi ukasawazishwa?"

Uongo aliuandaa siku nyingi, kwamba kibodi ilikuwa mbovu. Sasa alipoutafuta mdomoni akausikia kwa sauti ya baba yake akilalamikia koleo, akashindwa kuutoa.

"Baba," binti akasema polepole. "Imeanza?"

Mkewe, aliyekuwa amesogea karibu kusikiliza, akatikisa kichwa kwa nguvu na kumwashiria akatae.

"Imeanza," Taratibu akasema.

Upande wa pili mashine ya kukaushia nywele ikazimwa. Taratibu akangoja asikie kilio, na maneno ya kumbembeleza alikuwa nayo tayari: kwamba mzee ameshaishi, kwamba wimbo upo redioni, kwamba asijitese. Binti hakulia.

"Na mimi je, baba?" akauliza. "Na hawa wanangu?"

Mkewe akakaa chini sakafuni kando ya kiti cha mumewe, akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. Binti hakukata simu, wala baba hakukata. Wakabaki hivyo, kila mmoja akimsikiliza mwenzake anavyopumua.