Msichana Aliyeitikia Jina Langu

Jumapili ile baada ya kanisa watoto wangu watatu walikutana mjini Same, kwa mwanangu mkubwa, kuamua nikae kwa nani. Nilikuwa nao sebuleni, kwenye kiti cha pembeni.

"Mimi nimekaa naye tangu Pasaka," akasema mwanangu.

"Na mimi kile chumba nimeweka mpangaji," akajibu mdogo wake. "Labda Lembeni."

Binti yangu wa Lembeni akauliza, "Ugali anakula, au ni uji tu?"

Aliuliza akimtazama mkamwana wangu. Meno ninayo, nusu. Ugali nakula.

Simu ikaita, mjukuu wa Dodoma anataka kuniona. Wakanielekezea simu usoni. "Bibi, shikamoo! Punga mkono!" Nikapunga. Marahaba yangu haijafika, simu imeshageuzwa kwingine. "Bado yuko fiti huyu!" nikamsikia akicheka.

Nilitaka kitu kimoja tu, kurudi Myamba, nyumbani kwangu mlimani, kwenye tangawizi yangu na baridi yangu. Neno hilo nilikuwa nalipanga tangu asubuhi, hata mahubiri sikuyasikia. Sasa mazungumzo yananipita juu ya kichwa. Nikakasirika, na katika hasira ile ile akanijia akilini msichana.

Alikuja kunifanyia kazi kutoka Kihurio, kule tambarare, watoto hawa wakiwa wadogo. Mama yake alinikabidhi siku ya gulio, na jina lazima alinitajia. Mimi nilimwita "wewe", na mbele ya wageni "msichana wangu". Jirani akibanwa na palizi husema, "Niazime msichana wako," namwazima, kama ungo. Baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, likilia, kila nyumba itoe mtu wa kuzibua ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia, mimi nilimtoa yeye. Mzee wa ndiva alisoma majina ya wenye nyumba. Langu likisomwa, yeye anaitikia, "Nipo."

Jioni namuuliza nani hakuja, nijue nani atakamatiwa kuku wa faini. Ananitajia wote, waliokuja na waliokosa, huku anaosha miguu ile yenye tope. Ndiyo maana mpaka leo nawajua wote waliozibua ndiva ile, na watoto wao, na waliozikwa. Majina yote ninayo. La kwake sina. Nimelitafuta sana. Miaka minne alikaa kwangu, na nilikuwa najisifu kwa wenzangu kwamba namlisha vizuri. Hata ng'ombe wangu nilimlisha vizuri.

"Mama kasinzia," akasema yule mdogo.

"Sijasinzia. Nataka kurudi Myamba."

Binti yangu akacheka, kicheko cha upendo tu. "Haya, kumbe kikao kina mjumbe wa nne!"

Mwanangu mkubwa akafikiri. "Si vibaya. Lakini huwezi kukaa peke yako, Mama. Tutakutafutia msichana. Huko tambarare hawakosekani. Ukimlisha na kumvisha, anatulia."

Nilikuwa nimeshapata. Ilibaki kusema ndiyo.

Nikajiambia, huyu nitamuuliza jina siku ya kwanza. Lakini nani atakuwa amemuuliza kama anataka kupanda mlima kuja kumtunza bibi kizee? Na mimi nikishalala kitandani, nataka maji na nataka sasa hivi, nitamwita jina, au nitapiga tu kelele? Ninajijua. Sikujiamini.

"Basi," nikasema. "Lembeni."

"Mmeona? Mwenyewe kakubali," akasema mwanangu, akasimama kutafuta ufunguo wa gari.

Sikuwaeleza. Ningeanzia wapi?

Sasa niko Lembeni. Milima naiona kutoka uani, nayo ni ya Upare, lakini siyo ile yangu, mabonde yake siyajui. Binti yangu na mumewe hutoka asubuhi kwenda dukani. Wananiachia chai kwenye chupa na mlango wazi. Malori yanapita barabarani, moja baada ya jingine. Kivuli kikihama, nahamisha kigoda mwenyewe, polepole, mpaka ukuta wa pili.