Kadii Alipotuita kwa Mwaro

Mimi nina mdomo, na sifichi. Mume wangu husema ningezaliwa mwanamume ningekuwa dalali wa mnada wa ng'ombe. Ndiyo maana nataka kuieleza habari ya Kadii mwenyewe, kabla hawajaieleza watu ambao hawakuwapo, kwa sababu mdomo huu nao una sehemu yake.

Kadii ni jirani yangu hapa Magarini. Mashamba yetu yamepakana, tumetenganishwa na mstari wa minyaa tu. Ana miaka hamsini na kitu, mwembamba, na mguu wake wa kushoto una kovu la jembe. Hana cheo chochote. Hata kanisani hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Lakini kwa miaka kumi na minane, yeye ndiye aliyekuwa akiita mweria.

Kwetu, shamba likikuzidi nguvu, hutafuti vibarua. Unaita mweria, yaani watu wa kusaidiana kwa zamu. Wanakuja asubuhi na majembe yao, wanalima mpaka jua liwe kali, wanakula kwako, wanakwenda zao. Kesho kutwa ni zamu ya mwingine, na wewe unakwenda. Hakuna daftari. Yuko mtu mmoja tu anayekumbuka nani alilima kwa nani, na mtu huyo akikuita huulizi maswali, unachukua jembe. Nilipojifungua mtoto wangu wa tatu katikati ya msimu wa palizi, nilirudi kutoka hospitali nikilia moyoni juu ya mahindi yangu. Nikayakuta yamepaliliwa, safi, na Kadii amekaa kivulini anakwangua udongo kwenye jembe. Alikuwa amewaita wote bila mimi kujua.

Sasa Mwaro. Mwaro ni mdogo wake Kadii, tumbo moja. Mama yao alipofariki, Mwaro alikuwa hajaanza kutembea, na Kadii akaacha shule darasa la nne ili ambebe. Alimlea hivyo, yeye mwenyewe mtoto. Baadaye akamsomesha kwa kulima mashamba ya watu mpaka akamaliza kidato cha nne. Mwaro akapata kazi ya kuhudumia mezani kwenye hoteli moja Malindi, akapanga chumba Muyeye, akaanza kuvaa viatu vya ncha. Hoteli ilipopunguza watu akaambiwa apumzike mpaka wageni warudi. Wageni walirudi, yeye hakuitwa. Nilimwonea huruma kwa hilo, na hata leo namwonea kidogo.

Mwaka huu, mvua zilipokaribia, alirudi kwa dada yake na kilo mbili za sukari. Akasema mjini pamemshinda, anataka kulima ekari zake tano alizoachiwa na baba yao, zilizokuwa kichaka kitupu.

"Dada, niitie watu. Siku tatu tu. Nami nitawapikia washibe."

Kadii alifurahi mpaka akanisimulia mara mbili siku hiyo hiyo. Mdogo wake anarudi kwenye udongo! Mwaro akamwomba amtajie majina yetu, ili ajue chakula cha watu wangapi. Kadii akamtajia mmoja mmoja, bila kukosea, na Mwaro akaandika. Tulikuwa ishirini na wawili.

Tulikwenda. Kile kichaka sikisahau, miiba ilinitoboa mpaka kwenye kisigino. Siku ya kwanza tukafyeka, ya pili tukang'oa visiki. Tuliimba, tukala sima na mchuzi wa papa, na Mwaro akatushukuru kwa kuinamisha kichwa. Kadii alikuwa mbele ya wote, analima kama anayechimba dhahabu.

Siku ya tatu, kabla ya chakula, akaja dada mmoja kwa pikipiki, amevaa fulana ya kampuni na kushika faili. Akajitambulisha: anaitwa Mumbua, ni karani wa kampuni ya pilipili iliyokodi shamba lile kwa Mwaro.

Sisi tukatazamana. Shamba lililokodiwa?

"Nyapara Kadii ni nani?" akauliza.

"Kadii ni mimi. Lakini unyapara siujui."

"Si umeandikwa hapa wa kwanza? Bwana Mwaro ndiye kontrakta wetu wa vibarua. Nimekuja kuhakikisha kama watu wako wote wamefika, na kama malipo ya jana na juzi mliyapata. Hapa mmetia sahihi."

Akatufungulia faili. Majina yetu yalikuwa pale, ishirini na mawili, kwa mpangilio ule ule ambao Kadii alizoea kututaja. Mbele ya kila jina kulikuwa na sahihi. Yangu ilikuwa na mkia mrefu, na mimi tangu nizaliwe natia sahihi kwa kuandika Priscilla, basi. Watu wa mjini wana kazi wanayoiita ya kupeleka vibarua: unapeleka watu kwa kampuni, unapokea malipo yao. Mwaro alikuwa ameipata, na vibarua wake tulikuwa sisi, kwa sahani ya sima.

Watu wote wakamgeukia Kadii. Mdomo wangu ukatangulia.

"Kwa hiyo ulikuwa unatuuza, Kadii. Na wewe ukala cha unyapara."

Nilisema hivyo. Mbele ya watu, kwa sauti. Kadii alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto wake.

"Nilidhani tunamlimia ndugu yangu," akasema.

Mwaro alipotokea na sufuria, dada yake alimwuliza swali moja tu: ni kweli? Yule bwana hata hakutahayari.

"Dada, kuna aliyeshikwa mkono hapa? Si mlikuja kwa hiari yenu? Na wewe nimekupa heshima, nimekuweka nyapara."

Kadii akaokota jembe lake akaenda. Sisi nasi tukaondoka, chakula kikabaki.

Wiki sita baadaye ilikuwa zamu ya palizi kwake. Alipita nyumba kwa nyumba kuita, kama desturi. Siku ilipofika, mimi nilikuwa kwangu, upande huu wa minyaa, naona moshi wa jiko lake na sufuria kubwa ya maharagwe. Hakwenda mtu. Hata mimi sikwenda. Saa sita alilibeba lile sufuria akalirudisha ndani mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata niliamshwa na sauti ya jembe shambani kwangu. Nikatoka. Kadii alikuwa kwenye mstari wa kwanza wa mahindi yangu, peke yake, anapalilia.

"Dada Kadii, shikamoo. Unafanya nini?"

"Ulilima siku tatu kwa neno langu. Nazirudisha."

Mahindi yake mwenyewe yalikuwa yanamezwa na magugu, nayaona kwa macho yangu. Nilimsihi aache. Nikamwambia najua hakula chochote, jana jioni nilimwuliza Mumbua mwenyewe, akathibitisha kwamba Mwaro ndiye aliyebeba malipo yote. Alitikisa kichwa akaendelea. Saa sita nikampelekea chakula, wali na kuku, kuku niliyemchinja kwa aibu. Hakukigusa.

"Chakula ni cha mweria, Priscilla. Mimi nalipa."

Alimaliza siku zangu tatu, akaenda kwa Everlyne, kisha kwa mzee Pola, mmoja mmoja kati ya wale tuliolima kwa Mwaro. Wengine walimfukuza kwa maneno, wengine walijificha ndani. Alilima hata pale alipofukuzwa.

Kwa nini nilimwamini karani wa pikipiki kuliko mwanamke aliyenipalilia nikiwa kitandani hospitali? Mwaro alimsaliti dada yake mara moja. Mimi nilimsaliti kwa mdomo, kisha kwa kukaa nyumbani siku aliyoniita. Nimesaga meno kwa hilo usiku baada ya usiku.

Juzi nilichukua jembe langu mapema, nikavuka minyaa, nikaanza kupalilia kwake. Magugu yalinifika magotini. Nilikuwa nimemaliza mistari miwili alipotoka nyumbani na jembe lake begani, njiani kwenda kwa mtu wa kumi na moja. Akasimama. Hakukasirika, na heri angekasirika.

"Priscilla," akasema taratibu, "mimi sikukuita."

Akangoja nitoke shambani mwake, ndipo akaenda.