Damu ya Nyumba Hii Hii

Nilipokuwa mtoto nilimtaja shangazi yangu mbele ya mganga, na hasira ya siku ile haijanitoka hadi leo nina wajukuu.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisi tulipangwa upande wa Sengerema, nyumba zimenyooshwa mstarini, na shangazi Milembe, dada wa baba, akapewa ya jirani. Mjane, hana mtoto, viungo vinamuuma, na usoni ana madoa mekundu yaliyovuka pua toka shavu hadi shavu. Akipigwa na jua yanazidi. Watu walishaanza kunong'ona.

Kisha mdogo wangu Kabula akaugua. Homa haiishi, fizi zinatoka damu, mwili umejaa mavilio ya damu na wala hakuanguka. Zahanati walimpa dawa ya malaria, wapi! Kijiji kizima kikaamua kwamba mtoto ananyonywa damu.

Baba akamwita mganga wa kuku. Kabula alitema mate mdomoni mwa kifaranga, mganga akakipasua, akakodolea macho doa chini ya bawa.

"Ugonjwa huu ni damu ya nyumba hii hii," alisema. "Upande wa baba. Nani humshikashika mtoto?"

Nikajibu haraka, kama niko darasani: "Shangazi Milembe! Humkanda mikono."

Alimkanda kwa sababu mtoto alilia mifupa inamuuma! Hakuna aliyeuliza. Kwetu damu ni ndugu, basi ndugu akapatikana.

Kesho yake alifukuzwa mchana kweupe, na viongozi waliokuwa wakituhubiria undugu wamesimama wanaangalia tu. Alipita mlangoni petu na kikapu chake, akasimama, akanitazama, akingoja salamu. Mama akanibana mkono. Sikumwamkia. Alivuka na feri kwenda Mwanza, na baadaye tukasikia amefia Mabatini, chumba cha kupanga. Kabula naye hakufikia mavuno. Mchawi wao ameshaondoka, mtoto anakufa vilevile, na bado hakuna aliyefungua mdomo kusema tumekosea! Baba aliingia kaburini hajasema.

Mwaka jana viungo vyangu vilianza kuvimba, madoa yakavuka pua. Daktari, kijana wa kumzaa mwenyewe, akaniuliza habari za ukoo. Nikamsimulia yote.

"Mama, Kabula huenda alikuwa na saratani ya damu," alisema. "Wewe, na pengine shangazi yako, kinga ya mwili imewageukia wenyewe."

Akanieleza kuna virusi vinavyojipachika ndani ya vinasaba vyetu. Vingine viliwaingia mababu wa kale mno, nasi tunarithishana mabaki yake kama tunavyorithishana majina. Vipo vinavyoleta saratani ya damu. Kwenye ugonjwa kama wangu bado wanavishuku tu. Kama kwetu ndivyo ilivyokuwa, hakuweza kuapa.

"Ila nahisi kuna kitu kwenye damu yenu, upande wa baba."

Nusura nimrukie. Maneno yale yale! Tofauti ni kwamba huyu aliandika dawa, na sisi tulitafuta mtu wa kufukuza.

Nilirudi nyumbani kwangu Igoma, nikachukua kioo. Aliyenitazama ni shangazi Milembe, na madoa yake yote, bado anangoja salamu.

"Shikamoo, shangazi," nikasema, kwa sauti, hadi mjukuu wangu akasikia jikoni.

Wa kuitikia marahaba tulishamfukuza.