Mkeka wa Pembe ya Wazee

"Tangu nishuke kwenye gari hakuna hata mmoja aliyeniuliza nimeona nini," Saholy alisema, mwiko mkononi. "Ni umeleta nini, umeleta nini. Hata paka angekuwa na mdomo wa kusema angeniuliza hivyo hivyo."

Mama mkwe wake, Bi Rasendra, hakuinua macho. Alikuwa amechutama upande wa pili wa chumba cha kupikia, akipepea jiko lake dogo la mkaa.

"Mimi sikukuuliza," alisema. "Wewe ndiye uliyenipigia simu. Ukasema, 'Mama, nimekununulia mkeka, huku walikotoka wazee wetu.' Mimi nilikuwa nimekaa zangu kimya."

Saholy akarudisha mwiko kwenye sufuria, maana ni kweli alikuwa amepiga simu hiyo.

Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa na mioto miwili. Bi Rasendra alijipikia kikombe chake cha wali, akamimina mwenyewe maji juu ya ukoko uliobaki sufuriani, akayachemsha, na maji hayo ya ukoko akayanywa akitazama ukutani. Kila asubuhi masufuria mawili yalianikwa uani, na wanawake waliopita na makapu ya kwenda sokoni walipunguza mwendo kuyahesabu. Solofo, mume wa Saholy, alikula kwa mama, akala na kwa mke, akanenepa, na shauri lolote hakutoa.

Tatizo la Saholy ni moja, nalo alizaliwa nalo. Mpe kijiko, kabla hujaanza kula atakuuliza kimetoka wapi na aliyekichonga alikuwa nani. Baba yake alivuta riksho mjini Antsirabe, na yeye akiwa mdogo alimsubiri mlangoni kila jioni amsimulie abiria wa siku ile, walikuwa wakienda wapi, walivaa nini, walinung'unika nini. Akakua, akawa mwalimu kijijini kwa mume, akafundisha historia miaka na miaka kutoka kitabu kile kile. Kitabu kilisema wazee wetu walikuja kisiwani kwetu na mitumbwi kutoka visiwa vya mbali, mashariki, miaka zaidi ya elfu iliyopita. Mistari mitatu. Watoto waliiimba huku wakipiga miayo, wakafungua ukurasa wa pili.

Ndipo walimu wachache wakachaguliwa kupelekwa kusoma huko huko visiwani, Kalimantan, kwenye mito mikubwa, na jina lake likatoka. Alikaa miezi miwili. Bi Rasendra ndiye aliyelea watoto, akafua, akasimamia shamba la mpunga, na simu ilipokuja na habari ya mkeka alifagia pembe ya kaskazini mashariki, pembe ya wazee waliokwisha kufa, akaondoa hata gunia la mahindi. Akawaambia wenzake kanisani kuwa wazee watapata pa kukalia palipofumwa kwao.

Na msafiri wa kwetu harudi mikono mitupu. Hata akitoka mji wa pili tu, atanunua kitu njiani, mkate, soseji, matunda, akabidhi mlangoni ndipo avue viatu. Saholy hili alilijua. Begi lake lilirudi limejaa: shati la maua la Solofo, kofia ya majani ya shemeji, kikapu cha wifi, na mkeka wenyewe, mwekundu na mweusi, umeviringishwa nguoni kama mtoto mchanga.

Lakini aliazima mkeka kwa siku moja tu, awaonyeshe wanafunzi. Akaazima na kofia. Darasa la pili likalia kwamba nalo halijaona. Kikapu kikafuata, shati likatundikwa ubaoni, na mwalimu mkuu akawaalika wakaguzi. Siku moja ikawa wiki, wiki zikawa tatu. Zawadi zote za ukoo zikageuka somo, na pembe ya wazee ikabaki mbao tupu. Mgeni akiingia anaitazama, anamtazama Bi Rasendra, halafu anazungumzia mvua.

Asubuhi ile ya ugomvi Saholy alitoka bila kunywa chochote. Ukungu ulikuwa umelala kwenye mabonde ya mpunga, vilele vya vilima vikiwa juu yake kama visiwa, na mijakaranda ilikuwa imeanza kumwaga maua. Alitembea katikati ya ule weupe na kwa kitambo hakujua yuko nchi gani. Kule pia asubuhi zilikuwa hivi. Kule pia kuna bibi mmoja aliyekwangua ukoko kwa namna ile ile ya Bi Rasendra, mkono wa kushoto ukishika ukingo wa sufuria, na Saholy aliposikia mkwaruzo ule alilia, mwenyeji wake akadhani ni moshi. Hilo ndilo alilotaka kumsimulia mtu. Na aliyetaka kumsimulia hasa ni yule aliyemgeuzia mgongo jikoni.

Darasani alitandaza mkeka katikati, akawapandisha watoto walioenea juu yake. Huu ni mtumbwi, sakafu ni maji. Akawaambia wafumbe macho. Akawasimulia kwa sauti ya chini mto mpana wa rangi ya chai, unaoteremka mchana na usiku hadi maji yanapogeuka chumvi na miti kwisha. Watoto wakaanza kuyumba, taratibu, hakuna aliyewaamuru, na waliobaki kwenye madawati wakayumba nao, hadi hata ukungu dirishani ukawa kama unapita kwa nyuma. Kila aliyepanda ilimpasa aseme amebeba nini. Mmoja mbegu za mpunga, mmoja kuku, mmoja mianzi ya kutengenezea zeze.

Mlango ukafunguka. Bi Rasendra alisimama pale, shuka jeupe limekazwa begani kama mtu anayekwenda barazani kwa kesi. Alikuja kuchukua mkeka wake. Saholy aliliona hilo usoni mwake. Mkeka ukiondoka leo, mbele ya watoto, mioto miwili haitazimika tena.

Bi kizee akanyanyua mguu kuingia.

"Bibi, usikanyage hapo," watoto wakamwambia, macho bado wameyafumba nusu. "Maji hayo."

Mguu ukabaki hewani. Akautazama mkeka wake, umejaa watoto, ncha moja imeanza kufumuka.

"Sasa nipite wapi?"

"Panda. Lakini sema kwanza umeleta nini."

Bi Rasendra aliitazama mikono yake, akaigeuza, haina kitu.

"Nimeleta mdomo," alisema.

Wakacheka, wakamsogezea nafasi. Akaruka yale maji, mzee yule, akakaa katikati yao na miguu ameikunja vizuri. Akayumba kidogo. Halafu, kwa kuwa walikuwa wakingoja, akaanza kutaja: mama yake, mama wa mama yake, na yule aliyemzaa huyo, kila mmoja na kilima alikozaliwa na alichopenda kula, akirudi nyuma jina baada ya jina mpaka majina yakamwishia.

"Hapo mbele sijui," alisema. "Nafikiri hapo ndipo maji yanapoanzia."

Kengele ya mchana ilipolia hakuna aliyeinuka upesi.

Waliondoka pamoja, mkwe na mama mkwe, mkeka wameuacha ulipo. Njiani Saholy akamsimulia yule bibi wa mtoni na mkwaruzo wa sufuria. Bi Rasendra aliuliza ukoko wao ni mnene au mwembamba. Mwembamba, Saholy akasema. Basi moto wao ni mdogo, akasema mwenzake, wakaendelea kutembea.

Penye njia panda mwuza vitumbua alikuwa anafunika kikaango. Bi Rasendra akasimama.

"Kutoka shule hadi nyumbani nako ni safari," alisema. "Ninunulie kitu."

Saholy akanunua vile vya mwisho, viwili, vimekwisha kupoa. Akavibeba hadi nyumbani. Mlangoni, kabla hajavua viatu, akamkabidhi mama mkwe wake kwa mikono miwili. Bi Rasendra akala kimoja pale pale amesimama. Cha pili akakiweka pembe ya kaskazini mashariki, juu ya mbao tupu.

Halafu akaingia jikoni, akalipita jiko lake la mkaa, akachota maji ya ukoko kwenye sufuria la Saholy.

"Yana chumvi," alisema, akanywa yote.