Ua la Chungwa kwenye Kaburi la Dada

Dada yangu mkubwa alizikwa kando ya migomba, nyumbani kwetu karibu na Ikonge. Wiki mbili baadaye mama alinipigia simu Nyansiongo, ninakofundisha biolojia, akaniomba jambo moja. Nitakapokuja, nipande mlimani nimchimbie lile ua la rangi ya chungwa ambalo vishada vyake huzunguka shina kama pete. Alitaka kulipanda kaburini.

“Yako mawili,” alisema. “Moja hufa likishatoa mbegu. Jingine hukaa. Mimi nataka linalokaa.”

“Nayajua, mama.”

Nilikuwa nayajua kweli. Kila mwaka nawachorea wanafunzi ubaoni. La msimu mmoja lina shina moja laini na majani mapana, kila jani na kikonyo chake kirefu. Huota popote udongo ulipochokorwa, kando ya njia na pembeni mwa mahindi. La kudumu hupenda juu zaidi, penye mawe. Mashina yake hutoka mengi kwenye kisiki kigumu kama kuni, na majani yake ni membamba kidogo, yenye manyoya mafupi upande wa chini. Maua yenyewe hayakusaidii kitu. Ukiyachuma na kuyaweka mezani bila majani, hata mimi nitababaika.

Nilikwenda Jumapili. Wingu lilikuwa limeshika kilima chote, na njia ilikuwa tope tupu. Sikutaka kukaa nyumbani muda mrefu. Dada alikuwa amelazwa hospitali kwa miezi miwili na mimi nilimtembelea mara moja tu. Kila nilipoiona kanga yake kwenye kamba ya mama nilitafuta sababu ya kuondoka.

Chini ya kilima, kabla hata sijaanza kupanda, niliona ua la chungwa limesimama kando ya njia. Niliyatazama majani yake. Siwezi kusema kwamba sikuyatazama. Yalikuwa mapana, na vikonyo vilikuwa virefu. Nikajiambia kwamba mama ana mtoto wa jicho na hataona. Nikalichimba.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Alipitisha vidole kwenye shina, kutoka juu hadi kwenye mizizi, polepole.

“Umelitoa wapi?”

“Juu, kwenye mawe.”

“Haya,” alisema, akaenda kuchukua jembe.

Lilichanua vizuri majuma machache. Kisha mama akanipigia simu kuniambia limekauka. “Labda sikulimwagilia inavyofaa,” alisema. Halafu akaniuliza habari za shule.

Shule zilipofungwa Desemba nilirudi, na safari hii nilipanda hadi juu kabisa. Mahali nilipoyakumbuka maua ya kudumu palikuwa pamelimwa na kupandwa mikaratusi. Nilizunguka asubuhi nzima. Nilipata kichaka kimoja tu, kimebanwa kati ya mawe mawili, na nilipokivuta mzizi mkubwa ulikatika. Nilikipanda vivyo hivyo. Jua lilikuwa kali siku zile. Mama alikibebea maji kutoka mtoni kila jioni, lakini siku ya sita majani yalikuwa yamejikunja na kuwa meusi.

Ndipo nikamwambia. Tulikuwa tumekaa barazani tukimenya ndizi za kupika.

“Mama, lile la kwanza sikulitoa kwenye mawe. Lilikuwa la njiani.”

“Nilijua. Nililishika shina.”

“Mbona hukusema?”

Alimaliza kumenya ndizi aliyoshika, akaitia kwenye maji. “Ulikuwa na haraka ya kwenda,” alisema.

Mvua za Machi ziliponyesha, mbegu za lile la njiani ziliota kaburini kote, zikasambaa hadi chini ya migomba. Mama hakuyataka maua hayo. Nilimkuta amepiga magoti akiyang’oa kwa kupapasa, akiacha nyasi na kutoa miche, na hakukosea hata mmoja. Nikapiga magoti upande wa pili.

Kisha, bila kuinua kichwa, akasema, “Siku ile ya mwisho dada yako aliuliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani.”

Siku ile nilikuwa nimekaa katika chumba cha walimu nikisahihisha mitihani ambayo ingeweza kungoja. Mama alikuwa amenipigia simu asubuhi, na nikamwambia nitakuja mwisho wa wiki.

“Alikuamini?” nikauliza.

“Sijui. Aligeukia ukutani.”

Alikusanya miche aliyoing’oa, akaitupa ng’ambo ya migomba, akarudi kupapasa pale alipoachia. Nami niliendelea upande wangu mpaka mvua ilipoanza tena na tukalazimika kuingia ndani.