Posa ya Mpangaji Wangu

Nilipopata kazi ya upishi kwenye hoteli moja Mikumi, chumba changu cha Kilosa mjini sikukiachia. Siku kazi ikiisha nitalala wapi? Siku hizi vyumba mjini vinagombaniwa. Nikampangisha fundi cherehani, binti kutoka kijiji cha Ulaya, hukohuko wilayani Kilosa. Na kwa kuwa mama mwenye nyumba hataki kabisa mpangaji apangishe mwenzake, nikamwambia huyu ni mdogo wangu.

"Mbona hamfanani?"

"Mimi nimefuata kwa baba, mama. Yeye kafuata kwa mama."

Kusema kweli nilikuwa simjui hata chembe. Kila nikienda Kilosa nilibisha hodi kwenye mlango wangu mwenyewe, nikachungulia. Cherehani imesimama palipokuwa na kabati langu, na ukutani hakuna picha hata moja ya ndugu. Huyu ni nani hasa? Nilitamani sana kuuliza, nikaona haya.

Siku moja mama mwenye nyumba akanipigia simu. "Baba, njoo Jumamosi. Mdogo wako anaposwa. Mshenga nimemwambia kaka mtu upo."

Toba! Nikisema si ndugu yangu, binti anaaibika na chumba kinakwenda. Nikikaa kupokea posa, namwoza mtoto wa watu! Nikampigia binti mwenyewe.

"Kwenu hakuna wazee?"

"Bibi aliyenilea alishafariki. Wengine hawajawahi kunitafuta. Kaa tu wewe, kaka."

"Na huyo mwanamume unamtaka?"

"Wanasema ni mtu mzuri."

Wanasema! Neno hilo lilinikera njia nzima.

Jumamosi tukaketi barazani, mama mwenye nyumba ubavuni mwangu, binti ndani nyuma ya mlango. Shikamoo zilipoisha, mshenga akamsifu bwana harusi weee: ana shamba la miwa Ruhembe, ana pikipiki, swala hazimpiti.

"Sawa, mzee. Ameshawahi kuoa?"

"Aliwahi. Mwanamke akarudi kwao."

"Kwa nini?"

Mshenga akakohoa. Mama mwenye nyumba akamtolea macho.

"Na akikasirika, huwa anafanyaje?"

"Hilo sikuuliza," mzee akasema.

"Basi kaulize kwanza," nikamwambia. "Sisi upande wetu tutasubiri."

Alipoondoka, binti akatoka, macho mekundu. Nimemharibia, nikasema kimoyomoyo.

"Nisamehe, nimeuliza kupita kiasi."

Akatikisa kichwa. "Hapana, kaka. Ni vile tu sijawahi kusikia mtu akiuliza kwa ajili yangu."